Marko 13:32 mbele ya Nikea: mfafanuzi na mwanatheolojia, nani amsikilize nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili wa masomo ya theolojia. Niliandika insha juu ya Marko 13:32, pale Yesu anaposema kwamba siku ile na saa ile hata Mwana haijui. Nikaeleza kwamba Kristo hakujua kwa ubinadamu wake, ila kwa uungu wake alijua. Mwalimu wa Agano Jipya akanikata alama na kuandika pembeni: "Hapa anayezungumza ni mtaguso, si Marko," akimaanisha mkutano mkuu wa maaskofu wa kale. Nikampelekea insha hiyohiyo mwalimu wa theolojia ya utaratibu, somo linalopanga mafundisho ya imani, yeye akasema haina kosa, na kwamba hakuna anayesoma Biblia bila mafundisho. Nimfuate nani? Na ninapotayarisha mahubiri, nianze na kitabu kipi: cha ufafanuzi au cha mafundisho?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umegusa mgogoro ambao una zaidi ya miaka mia mbili katika vyuo vya theolojia, kwa hiyo usidhani walimu wako wawili wana ugomvi wao binafsi. Wamerithi.

Nikujibu kwanza kwa ufupi. Wa kwanza alikuwa na haki ya kukukata alama, na wa pili alikuwa na haki ya kusema hujakosea. Ulichoandika kinakubaliana na imani ya Kanisa, ila hukukiandika mahali pake. Uliulizwa Marko anasema nini, ukajibu Kanisa liliamini nini baada ya kumsoma Marko pamoja na Yohana, Paulo na wengine. Mafundisho ya imani yana haki kamili ya kuiuliza aya maswali. Kuijibia, hapana. Na mfafanuzi naye, akishaeleza aya, hana ruhusa ya kufunga daftari na kwenda zake kana kwamba maswali hayo hayamhusu. Aya uliyoichagua inalionyesha hilo vizuri kuliko karibu aya nyingine yoyote, basi tukae nayo.

Inasomeka hivi: "Walakini habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba." Kabla hujauliza lolote kuhusu asili mbili za Kristo, uungu na ubinadamu, tazama imekaa wapi. Petro, Yakobo, Yohana na Andrea wamemuuliza Yesu faraghani, juu ya mlima wa Mizeituni, mambo hayo yatakuwa lini. Wanataka tarehe. Hotuba ndefu inafuata, na mwisho wake, badala ya tarehe, wanapewa aya hii, na papo hapo amri: angalieni, kesheni. Kisha mfano wa mtu aliyesafiri akaiacha nyumba mikononi mwa watumwa wake, bawabu akaamriwa akeshe, kwa maana bwana wa nyumba anaweza kurudi jioni, au usiku wa manane, au wakati wa kuwika jogoo, au asubuhi.

Ukiendelea kusoma sura ya 14 mpaka mwanzo wa 15 utakutana na saa hizohizo. Jioni Yesu anaketi chakulani na wale Thenashara. Usiku anawakuta watatu wamelala Gethsemane, naye anamuuliza Petro kama hakuweza kukesha hata saa moja. Jogoo anawika na Petro ameshamkana mara tatu. Asubuhi wanamfunga na kumpeleka kwa Pilato. Sidhani Marko alipanga hivyo kwa bahati. Agizo la kukesha linaanza kupimwa usiku huo wa Gethsemane, na wanafunzi wanashindwa. Shughuli ya aya yako, basi, ni kuwanyima wanafunzi kalenda na kuwapa zamu ya lindo. Haikuandikwa ili kupima ujuzi wa Kristo, na insha ya ufafanuzi isiyosema neno juu ya kukesha imeikosa aya hata kama kila sentensi yake ni ya kweli. Nadhani hapo ndipo kalamu nyekundu ilipokukuta.

Lakini ubaki hapohapo kwa Marko, usikimbilie popote. Tazama mpangilio wa wasiojua: hakuna mtu, hata malaika, wala Mwana, ila Baba. Ngazi inapanda. Mwana ametajwa baada ya malaika, karibu zaidi na Baba kuliko wao. Sura moja nyuma, katika mfano wa shamba la mizabibu, mwenye shamba ametuma mtumwa baada ya mtumwa, na mwisho akabakiwa na mmoja tu wa kumtuma, mwana mpendwa. Maneno hayo ya "mpendwa" yamesikika tayari kwenye ubatizo na juu ya mlima Yesu alipogeuka sura. Kwa hiyo Marko mwenyewe, bila msaada wa mtaguso wowote, amekuachia jambo gumu mkononi: yule aliye juu ya malaika, asiyehesabiwa pamoja na watumwa, kuna jambo halijui. Swali la Kristo ni nani halikuletwa na maaskofu wa karne ya nne. Limo ndani ya sentensi ya Marko, isipokuwa Marko halijibu.

Wafuasi wa Ario, padre wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, waliishika aya hii kwa mikono miwili. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: Mungu anajua yote, Mwana hajui yote, basi Mwana si Mungu kama Baba alivyo Mungu. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulikuwa umekiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba, na sasa watetezi wa Nikea walipaswa kuielewa aya. Majibu yao hayakuwa na uzito mmoja, na napenda wanafunzi wayapime mmojammoja badala ya kusema tu "Mababa walisema", yaani walimu wa kale wa Kanisa.

Ambrosi wa Milano aliandika kwamba nakala za kale za Kigiriki hazina maneno "wala Mwana", na kwamba si ajabu wapotoshaji wa Maandiko wakaichafua na aya hii. Ni kweli kwamba katika Mathayo 24:36 nakala nyingi hazina maneno hayo. Kwa Marko hali ni nyingine. Yapo na yanakaa imara. Hapa unaona fundisho likiijibia aya waziwazi: aya imesumbua, basi aya ndiyo inayoshtakiwa.

Augustino alikuja na njia ya werevu zaidi. Mwana "hajui", alisema, kwa maana kwamba hawajulishi wanafunzi. Kwake kutojua ni kutowafunulia. Kwa heshima yote niliyo nayo kwa Augustino, hapa Marko amezibwa mdomo. Kitenzi ni kimoja kwa wote katika sentensi ile. Kama malaika hawajui kwa maana ya kawaida ya kutojua, huwezi kumfikia Mwana ukakibadilishia maana, kisha kwa Baba ukairudisha ile ya kwanza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ufafanuzi anaweza kumzuia mwalimu mkuu wa Kanisa la Magharibi kwa hoja hiyo, na anapaswa kufanya hivyo.

Athanasio, askofu wa Aleksandria, alifanya vizuri zaidi. Hakuigusa nakala, hakugeuza kitenzi. Alisema kutojua ni jambo la kibinadamu, na Neno aliyefanyika mwili alitwaa ubinadamu pamoja na hali zake: kuona njaa, kuchoka, kulia, kuuliza. Gregori wa Nazianzo akafuata njia hiyohiyo. Ona walichokifanya. Waliikubali aya iseme inavyosema, halafu wakauliza Kristo awe nani hata Marko aseme kweli hapa na Yohana aseme kweli kwenye sura yake ya kwanza, kwamba Neno alikuwa Mungu. Hiyo ndiyo theolojia ya utaratibu ikifanya kazi yake halali.

Na safari haikuishia hapo. Apolinari wa Laodikia, mtu wa upande wa Nikea kabisa, alifundisha kwamba ndani ya Kristo Neno la Mungu lilichukua nafasi ya akili ya kibinadamu. Fundisho lake lilikuwa na mvuto: linamlinda Kristo asigawanyike. Lakini mpe Marko 13:32. Kristo asiye na akili ya kibinadamu atakosaje kujua? Mpe na Luka 2:52, kwamba Yesu alizidi kuendelea katika hekima na kimo. Gregori akamjibu kwa sentensi ambayo bado tunaifundisha: kisichotwaliwa hakijaponywa. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ukalikataa fundisho la Apolinari, na ule wa Kalkedonia wa mwaka 451 ukakiri Kristo mmoja, mkamilifu katika uungu na mkamilifu katika ubinadamu, mwenye roho ya kibinadamu yenye akili. Katika karne ya saba Maksimo Muungamadini aliyachunguza maombi ya Gethsemane, "si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe", na hoja zake ziliandaa mtaguso wa mwaka 680 na 681 uliokiri utashi mbili katika Kristo, wa kimungu na wa kibinadamu. Maombi hayo yako Marko 14:36, sura ileile ya usingizi na jogoo.

Kwa hiyo anayekuambia kwamba mafundisho ya Kristo yalibuniwa mbali na Maandiko kisha yakabandikwa juu yake, hajaisoma historia hiyo kwa karibu. Aya zilizokataa kunyamaza ndizo zilizolazimisha mafundisho yawe sahihi zaidi. Ile sentensi yako, "kwa ubinadamu wake hakujua, kwa uungu wake alijua", ni mavuno ya karne nzima za ufafanuzi. Uliichukua ghalani ukaiweka kwenye ukurasa wa kwanza kana kwamba imeota hapo.

Nina malalamiko ya pili juu ya sentensi hiyo, na hili walimu wako wote wawili huenda hawakukuambia. Marko hasemi "ubinadamu wa Mwana haujui". Anasema Mwana hajui. Asiyejua ni nafsi, ni yeye mwenyewe. Mwanafunzi akiitumia kanuni ya asili mbili haraka haraka, anaishia na watu wawili ndani ya mwili mmoja, mmoja anajua na mwenzake hajui, na wa kwanza anamficha wa pili. Hilo ndilo kosa lililoshtakiwa kwa jina la Nestorio, askofu wa Konstantinopoli, na Kalkedonia ilikataa kumgawa Kristo hivyo. Mfafanuzi mwenye jicho kali anaweza kumsaidia mwanatheolojia hapa: rudi kwenye aya, utaje mhusika wake. Wanatheolojia wa Ujerumani wa karne ya 19, Gottfried Thomasius akiwa mmojawapo, waliliona tatizo hilo, wakaegemea Wafilipi 2:7 na kusema kwamba Mwana aliweka kando baadhi ya sifa za kimungu, ujuzi wa yote ukiwemo, alipofanyika mtu. Mimi siwafuati, kwa sababu sioni Wafilipi ikitaja sifa zilizoachwa. Inataja namna ya mtumwa iliyotwaliwa. Ila nawapa haki yao: waliisikia aya ikibisha hodi wakati wengine walishaifungia mlango kwa kanuni.

Sasa kuhusu huo mgogoro wenyewe. Kwa karne nyingi haukuwapo kwa sababu mtu mmoja alifanya kazi zote mbili. Thomas wa Akwino tunamkumbuka kwa Summa yake, kitabu chake kikuu cha mafundisho, lakini cheo chake chuoni kilikuwa cha mwalimu wa Maandiko, na alifafanua Ayubu, Mathayo, Yohana na nyaraka za Paulo. Tena mwanzoni mwa Summa ameandika kwamba hoja ya theolojia hujengwa juu ya maana halisi ya matini peke yake, si juu ya maana za kiroho. Philipp Melanchthon alitoa kitabu cha kwanza cha mafundisho cha Waprotestanti mwaka 1521, na kilichipuka kutoka masomo yake juu ya Warumi. John Calvin alieleza wazi mgawanyo wa kazi: Institutio, kitabu chake cha mafundisho, iwaandae wanafunzi kusoma Maandiko, ili katika vitabu vyake vya ufafanuzi asilazimike kusimama kila aya na kujadili fundisho kwa kirefu. Ndiyo maana ufafanuzi wake ni mfupi hivyo.

Mwaka 1787, katika chuo cha Altdorf huko Ujerumani, Johann Philipp Gabler alitoa hotuba ya kuanza kazi ya uprofesa akataka theolojia ya Biblia itenganishwe na theolojia ya dogma, yaani ya mafundisho ya imani. Ya kwanza, alisema, ni ya kihistoria: inaeleza waandishi watakatifu walifikiri nini. Ya pili inafundisha kile ambacho mwanatheolojia wa zama zake anakisema kwa akili na mazingira yake. Watu husahau kwamba Gabler hakutaka kuiua dogma. Alitaka kuipa msingi: kwanza eleza kila mwandishi alisema nini, kisha chuja kilicho cha kudumu, kisha jenga. Waliomfuata walikipenda kipande cha kwanza. Matokeo yake ni idara mbili, majarida mawili, mikutano miwili, na wanafunzi kama wewe wanaotumwa huku na huku na insha moja. Tumepata wafafanuzi wanaoweza kuandika kurasa mia juu ya Warumi bila kuthubutu kusema Mungu amefanya nini, na wanatheolojia wanaonukuu aya kutoka kwenye vitabu vya wanatheolojia wengine.

Je, mtu anaweza kuviacha nje vyote anavyoamini akasoma matini tupu? Rudolf Bultmann, mfafanuzi Mjerumani wa Agano Jipya ambaye hakuna atakayemshuku kwa kuitetea dogma, aliandika mwaka 1957 makala juu ya swali hilohilo. Jibu lake naliona bado ni bora: hakuna ufafanuzi usio na dhana za awali, kwa maana mfafanuzi hajazaliwa leo, lakini lazima kuwe na ufafanuzi usioamua matokeo mapema. Shika tofauti hiyo. Mwalimu wako wa theolojia ya utaratibu yuko sahihi kwa nusu ya kwanza, wa Agano Jipya kwa nusu ya pili.

Nami naongeza kwamba anayejiona hana mafundisho mara nyingi anayo, isipokuwa hayajaandikwa mahali yakaonekana. Chukua Marko 13 hiyohiyo. Wapo wanaosema injili hii lazima iliandikwa baada ya mwaka 70, kwa sababu Yesu anatabiri kubomolewa kwa hekalu na hekalu lilibomolewa mwaka huo. Huenda kuna hoja nyingine nzuri za tarehe hiyo, na zinastahili kupimwa. Lakini kama sababu ni moja tu, kwamba hakuna awezaye kusema jambo kabla halijatokea, basi huo si ufafanuzi. Ni fundisho juu ya Mungu na ulimwengu, limeingia kwa mlango wa nyuma, na halijawahi kutetewa kwa hoja kama fundisho.

Upande wa pili una ugonjwa wake, nao ni wa kukusanya aya. Charles Hodge wa Princeton, katika kitabu chake cha mafundisho kilichoanza kutoka mwaka 1871, alisema Biblia kwa mwanatheolojia ni kama maumbile kwa mwanasayansi: ghala la ukweli wa kukusanywa na kupangwa. Namheshimu Hodge kwa kutaka kila fundisho lilipe deni lake kwa Maandiko. Lakini Biblia ina zaburi, mifano, barua zenye hasira na masimulizi ya vita, na aya ikishang'olewa kwenye zaburi inaacha nusu ya maana yake huko. Wanatheolojia waliokutana Westminster, London, kuandika ungamo la imani walilihisi jambo hili. Walipomaliza Ungamo lao mwaka 1646, Bunge la Uingereza liliwarudishia likidai waambatanishe aya za ushahidi, na hawakuwa na hamu ya kufanya hivyo. Wakazitoa mwaka uliofuata. Orodha ile ikachapwa na kuchapwa tena, na vizazi vilivyokuja vikadhani aya zilizo chini ya ukurasa ndizo hoja nzima, ilhali nyuma yake kulikuwa na maktaba ya ufafanuzi.

Fundisho lililoegemea aya moja huwa katika hatari ambayo fundisho lililoegemea mwendo mzima wa Maandiko haliijui. 1 Yohana 5:7, maneno yanayotaja Baba, Neno na Roho mbinguni na kwamba hawa watatu ni umoja, mtaalamu Erasmus hakuyaweka katika Agano Jipya lake la Kigiriki la mwaka 1516, kwa kuwa hakuyakuta katika nakala zake za Kigiriki. Kelele zikapigwa, naye akayaingiza katika toleo la mwaka 1522 baada ya kuletewa nakala moja iliyokuwa nayo. Leo wataalamu wa nakala, Wakatoliki kwa Waprotestanti, wanakubaliana kwamba hayakuwa ya Yohana. Na Utatu? Umebaki palepale. Athanasio na wenzake hawakuyatumia kabisa katika mabishano yao na Ario. Fundisho lao lilisimama juu ya jinsi Maandiko yote yanavyomsema Baba, Mwana na Roho, na mtindo huo hauanguki kwa kuondolewa mstari mmoja.

Ireneo wa Lyon, karibu mwaka 180, aliwasema wafuasi wa Valentino, mwalimu wa Wagnostiki, kuwa ni kama mtu anayekuta picha nzuri ya mfalme iliyopangwa kwa vito, akaivunja, akavipanga vito vilevile vikawa sura ya mbweha, kisha akaapa kwamba huyo ndiye mfalme, kwa kuwa vito ni vile vya fundi wa kwanza. Aya ni za kweli, mpangilio si wake. Ireneo alisema mwamini aliyepokea kanuni ya kweli katika ubatizo atavitambua vito na kuvirudisha mahali pake. Wapo wanaocheka na kusema huo ni mzunguko: unasoma Biblia kwa kanuni uliyoitoa kwenye Biblia. Mimi sioni haya kwa mzunguko huo, kwa sharti moja, kwamba kanuni iendelee kukubali kusahihishwa na vito. Ireneo aliidai iwe ile iliyohubiriwa na mitume wenyewe, na hakumpa yeyote ruhusa ya kuongeza vipande.

Sharti hilo ndilo kipimo ninachokupa. Chukua fundisho lolote unaloshika, jiulize ni aya gani ingeweza kulirekebisha. Ukikosa hata moja, fundisho hilo limeacha kusikiliza. Sisemi yote yana uzito mmoja. Ungamo la Nikea limepimwa na kila aya ngumu kwa karne kumi na saba, na anayetaka kulibomoa kwa insha ya muhula ana kazi. Mambo ya mpangilio wa nyakati za mwisho ni tofauti. Augustino mwenyewe aliandika katika Mji wa Mungu kwamba zamani aliushika mtazamo fulani juu ya ile miaka elfu ya Ufunuo 20, kisha akauacha. Jifunze kutoka kwake kutofautisha.

Kuhusu Paulo na Yakobo, ambao bila shaka watakufuata kwenye mtihani, nitasema machache. Warumi 3:28 inasema mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria. Yakobo 2:24 inasema kwa matendo, si kwa imani peke yake. Wote wawili wananukuu Mwanzo 15:6. Mfafanuzi asimlazimishe Yakobo awe Paulo. Luther alijaribu kumsukuma pembeni, mwaka 1522 akauita waraka wake wa majani makavu, na hata hivyo akauacha ndani ya Biblia yake. Mwanatheolojia naye hana anasa ya kuwaacha wawili hao wakinuniana, kwa kuwa atamjibu muumini anayeuliza ataokokaje. Waluteri na Wakatoliki walipotia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999, walikuwa wamekaa miaka mingi na wafafanuzi wao wakizisoma aya hizo upya kwa pamoja. Bila kazi hiyo, kila upande ungeendelea kurushia mwenzake aya zake.

Kanisa Katoliki, katika Dei Verbum, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1965, limesema kujifunza Maandiko kuwe kama roho ya theolojia, na katika hati hiyohiyo likamtaka mfafanuzi azingatie umoja wa Maandiko yote na mapokeo hai. Karl Barth, Mprotestanti aliyeandika dogma ndefu kuliko karibu wote wa karne ile, alipofukuzwa katika chuo cha Bonn mwaka 1935 aliwaagiza wanafunzi wake jambo moja: ufafanuzi, ufafanuzi, na tena ufafanuzi. Fungua dogma yake uone kurasa zenye herufi ndogo. Humo ndani amefafanua sura nzimanzima.

Basi insha yako. Usikifute kifungu chako cha asili mbili, kihamishe. Sehemu ya kwanza iandike kwa maneno ambayo Marko mwenyewe angeyaelewa: siku, saa, Mwana, Baba, malaika, kukesha. Ukijikuta umeandika "asili" au "nafsi" hapo, vuta mstari. Sema wazi mwishoni mwa sehemu hiyo kwamba Marko ameacha swali, na utaje maneno gani ndani ya aya yanalizaa. Ndipo ufungue sehemu ya pili, mlete Athanasio, mlete Apolinari aonekane anavyokwama, eleza Kalkedonia. Halafu, na hapa ndipo wengi huchoka, rudi kwenye aya na uandike kama kanuni uliyofikia inaibeba au inaiminya. Ninaposahihisha insha za wanafunzi, nazitambua zilizoruka hatua hii: kifungu chao cha mwisho kinafaa kwa andiko lolote la Injili, ungebadilisha namba ya sura usingejua.

Na kwa mahubiri, anza na matini, uisome mpaka swali lako mwenyewe litoke, kabla ya kitabu chochote. Kisha kitabu cha ufafanuzi, kimoja kizuri kuliko vitatu vya haraka. Kisha kitabu cha mafundisho, lakini uingie kwa mlango wa nyuma: fungua faharasa ya aya kwenye kurasa za mwisho, tafuta aya yako, nenda kwenye kila ukurasa uliotajwa uone imetumiwaje, imefafanuliwa au imewekwa tu kwenye mabano. Ukiikuta imefafanuliwa, utapata swali ambalo mfafanuzi hakulifikiria. Ukiikuta kwenye mabano, linganisha na ulichokwisha kukiona katika sura yenyewe, uandike pembeni kwa penseli kama zinapatana.